Fungu la Besu

Baraza la wazee wa kanisa limenipa siku kumi na nne niandike barua ya kuomba radhi, kosa langu likiwa kuongea wakati wimbo unaimbwa. Leo ni siku ya kumi na tatu. Karatasi ninayo, kalamu ninayo, macho yangu bado yanaona bila miwani, na siandiki. Badala yake naandika haya, na atakayechukia na achukie.

Mimi ni Pitay, mjane wa Temu. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mzee wa kanisa katika kijiji chetu cha kabila la Waatayal huku juu mlimani, barabara ya lami inapoishia na mashamba ya mapichi yanapoanza. Watu wakigombana, naitwa. Mume na mke, mama mkwe na mkamwana, mwenye mbwa na mwenye kuku. Nilikuwa na mtindo wangu: naenda na chupa ya chai, nawakalisha, nasali, nawashikisha mikono, naondoka kabla hawajabadili mawazo. Watu walisema Pitay akikukalisha utapatana, upende usipende. Mchungaji alinitaja mpaka kwenye mahubiri, kwamba wapatanishi ndio wana wa Mungu na sisi tunaye mmoja. Nilijisikia sana siku hiyo, nikarudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa.

Mwezi wa tatu Hayung alipokea posa ya binti yake Rimuy. Hayung na mdogo wake Besu ni watoto wa baba yangu mdogo, kwa hiyo wote wawili ni wadogo zangu. Nyumba zao zilitazamana, ua mmoja. Upande wa bwana harusi ulileta nguruwe sita kutoka bonde la pili, wakachinjwa alfajiri, na sisi wanawake tukaanza kugawa nyama mbichi. Kwetu nyama ya posa haigawiwi kwa kuangalia sura ya mtu. Kila nyumba ya ukoo wa binti ina fungu lake, na kila fungu lina kila kitu: ngozi, mafuta, nyama, kipande cha ini, mfupa. Ukipewa, umeambiwa kwamba wewe ni damu yetu. Ukirukwa, nalo ni jibu. Ndiyo maana inaandikwa orodha, na orodha anashika mtu mzima mwenye akili zake. Siku ile niliishika mimi.

Mifuko ilikuwa imejipanga mezani, kila mmoja na karatasi ya jina, na mitatu ya akiba pembeni, pale Mchungaji Silan aliponijia. Huyu ni kijana kutoka wilaya nyingine, mwenye suti mbili na nia njema. Nyuma yake walikuwa wageni wake, wakubwa wa kanisa kutoka mjini, ambao hakuna aliyewaalika.

"Mama, wageni ni wanne," akaninong'oneza.

"Mifuko ya akiba ni mitatu, Mchungaji."

"Sasa nimwambie nani arudi mikono mitupu? Usiniaibishe, mama. Wewe ndiye fundi wa mambo haya."

Nilipenda kuitwa fundi. Nikaangalia meza. Besu alikuwa bado shambani kwake juu anakata mianzi, na mkewe Lawa alikuwa zahanati na goti lake. Nikachukua mfuko wa Besu, nikabandua karatasi ya jina, nikamkabidhi yule mgeni wa nne, mwanamume mwembamba aliyeushika kwa vidole viwili kama nimempa nepi. Nikajiambia Besu ni wetu, jioni nitampelekea fungu langu mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikakuta wajukuu wameshalitia chunguni na tangawizi, wamebakiza mfupa. Nikasema basi, kesho nitamweleza. Kesho yake mvua ikanyesha, na nilishukuru kwamba inanyesha.

Siku ya tatu Besu alikata ua katikati kwa uzio wa mianzi. Aliufunga kwa waya, mwanzi kwa mwanzi, mrefu kuliko mtu, kutoka kwenye bomba mpaka barabarani. Hayung akawa anazunguka nyumba tano kufika kwenye bustani yake ya vitunguu. Besu hakutukana mtu. Alipoulizwa alisema tu kwamba hana fungu kwenye nyumba ile, kwa hiyo hana njia ya kupita humo.

Kijijini mambo yakapamba moto. Kundi la simu la kanisa likajaa mistari ya Biblia, na kila mtu alijua mstari upi umerushwa kwa nani. Kisha Rimuy akaja kwangu. Alikaa kwenye ngazi yangu, hakutaka hata chai.

"Shangazi, mimi siolewi."

"Usiseme hivyo. Siku zimebaki ishirini."

"Hata ziwe mbili. Mwaka ule wa kimbunga barabara ilipoporomoka, nani alinibeba na homa yangu mpaka mjini? Baba alikuwa amevunjika mguu. Baba mdogo alinibeba mgongoni, mwendo wa saa saba kwenye tope. Kama yeye hajala nyama ya posa yangu, mimi sijaposwa. Nimeshamwambia mwenzangu, naye kasema atasubiri."

"Atasubiri mpaka lini?"

"Wewe ndiye unajua kupatanisha, shangazi. Tupatanishe."

Nikamwahidi. Nilimshika hata bega. Sikumwambia lolote lingine.

Nikaenda kwa Hayung. Nilimkuta amekaa anautazama uzio.

"Dada, jina la Besu niliandika kwa mkono wangu," akasema. "Orodha ulishika wewe."

"Mambo yalikuwa mengi siku ile."

Hayung si mtu wa kuuliza mara mbili. Akakuna kichwa. "Basi nitasema mimi ndiye nilisahau kumwandika. Nitamwomba radhi, yaishe."

Mnaona? Mtu alijitolea kusema uongo ili ndugu yake arudi, na mimi, mzee wa kanisa, nikamwitikia kwa kichwa. Mchungaji alipopata habari alifurahi mno. Nilimkumbusha fungu lilikokwenda, akainua mkono kuninyamazisha.

"Mama, tufunike kombe mwanaharamu apite. Tukianza kutaja wageni tutalitia kanisa doa. Jumapili, kabla ya Meza ya Bwana, nitawaita mbele wote wawili washikane mikono. Itakuwa ushuhuda mkubwa."

Kilichobaki kilikuwa kumlainisha Besu. Alikuwa anapasua mianzi nyuma ya nyumba, hakuinua kichwa.

"Umekuja na ile chupa yako ya chai?"

"Nimekuja nayo."

"Mimina. Ila mkono sishikani na mtu."

Nikamimina. Nikamwambia Hayung anaumia, kwamba alisahau tu, kila mtu husahau.

"Mtu husahau mwavuli, dada," Besu akasema. "Tumelala blanketi moja na Hayung miaka kumi na miwili. Alikuwa ananivuta sikio nikikojoa. Leo anaandika ukoo mzima, mpaka yule mlevi wa kule darajani, halafu mimi ndiye nasahaulika? Aseme alikusudia. Akisema alikusudia nitajua tumegombana nini." Akaweka panga chini, akanitazama. "Orodha ulishika wewe. Jina langu lilikuwepo?"

Nikanywa chai yangu.

Nawaambieni, sijawahi kunywa chai ya moto kama ile, na niliinywa yote. Besu alisubiri. Kisha akaokota panga lake akaendelea na kazi, na mimi nikamwambia aje Jumapili kwa ajili ya Rimuy. Kwa ajili ya Rimuy akakubali.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka vibarazani. Watu wetu wakisikia mtu ataaibika huwa hawaumwi. Mchungaji alihubiri juu ya msamaha kwa dakika arobaini, halafu akawaita. Hayung akasimama mbele na koti lake la harusi za watu, akasema alichokariri, kwamba alipoandika majina alimsahau mdogo wake na anaomba radhi. Akanyoosha mkono. Simu zikainuliwa juu kupiga picha.

Besu alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake, mikono mfukoni. Alikuwa anamtazama kaka yake machoni, na aliona. Ukimlea mtu kwa kumvuta sikio, atajua ukidanganya. Hakuutoa mkono.

"Moyo mgumu huo," mwanamke mmoja akasema nyuma yangu.

"Na Meza ya Bwana ile pale, imeandaliwa!"

"Nyama tu jamani, kilo mbili za nyama."

Mchungaji akasogea na kipaza sauti. "Ndugu Besu, Bwana amekusamehe mangapi? Unaona ndugu yako amejishusha. Sasa anayezuia amani ni nani?"

Nikaona nyuso za watu zinamgeukia Besu, watu mia na ushee, zote zimekunjwa. Yeye ndiye aliyeibiwa. Alirukwa mezani, na sasa anarukwa kanisani pia, mbele ya mkate na divai, na sisi tuliomruka tumevaa nguo safi. Hapo hasira ikanipanda mpaka masikioni. Hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, lakini nayo inasimamisha mtu kama nyingine.

Nikasimama kwenye benchi la wazee. "Hayung, rudisha mkono wako. Hukusahau kitu."

Mchungaji akanielewa kabla ya wote. Akamwashiria mpiga kinanda, kinanda kikaanza, waliokuwa karibu naye wakaanza kuimba. Walidhani wataniweza. Mimi nimekua nikimwita mama yangu kutoka ng'ambo ya bonde, mto ukiwa umejaa.

"Fungu la Besu nililitoa mimi!" nikapaza sauti juu ya wimbo wao. "Jina lake lilikuwepo! Nililibandua kwa mkono huu, nikampa nyama yake mgeni wa Mchungaji, na Mchungaji anajua! Besu ameniuliza kwa mdomo wake nikanywa chai! Endeleeni kuimba, mimi sikai!"

Wimbo ukakatika kwenye ubeti wa pili. Kinanda kikaendelea peke yake kidogo, kisha nacho kikanyamaza.

Besu hakunitazama. Alimtazama kaka yake. "Kwa hiyo ulikubali kusimama hapa useme ulinisahau? Bora ungenipiga, kaka." Akatoka, viatu vyake vikisikika mpaka nje. Meza ya Bwana siku ile ililiwa na watu wachache, na mimi sikuwa mmoja wao.

Mchungaji alinifuata chumba cha nyuma, uso umemwiva.

"Umevuruga ibada, mama. Mbele ya sakramenti!"

"Yesu alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno nawe, uache sadaka yako uende kwake kwanza. Hakusema upige kinanda."

"Na sasa utafanya nini?"

"Nitachinja nguruwe."

Akashika paji la uso. "Yale mambo ya kale tena? Damu ya Kristo inatosha, mama. Wewe ni mzee wa kanisa!"

"Damu ya Kristo inatosha kwa Mungu, sibishi. Lakini aliyelala na njaa ni Besu, na aliyemlaza na njaa ni mimi. Nitamwambia nimeshasamehewa huko juu, kwa hiyo asinisumbue?"

"Uwanja wa kanisa sitoi."

"Sikuuomba, mwanangu."

Kwetu kupatana kuna utaratibu wake: kweli kwanza, yote, mbele ya wanaohusika, mpaka mtu asiwe na la kuuliza. Ndipo mkosaji anatoa nguruwe, na wengine wote wanakula pamoja, na atakayelifufua jambo lile baadaye ameila nyama bure. Mababu walifanya hivyo kabla ya kumjua Kristo. Sijaona ni wapi Kristo aliwakataza.

Nilikuwa na nguruwe mmoja, niliyekuwa namnenepesha kwa ajili ya Krismasi, wanangu wakipanda kutoka mjini. Alhamisi asubuhi tulimpakia kwenye pikapu la Hayung, mimi na Hayung, hatusemezani, tukasimama upande wa Besu wa ule uzio. Lawa akatoka akichechemea, akarudi ndani haraka, na Besu akatoka.

Alizunguka pikapu mara moja.

"Huyu nguruwe au mbwa aliyevimba?"

"Ndiye niliye naye."

"Umemlisha nini, mahubiri?"

"Besu, cheka utakavyo. Nimekuja kusema."

Akaketi kwenye gogo. Lawa akaketi mlangoni, Rimuy akaja akasimama karibu naye. Nikasema yote, tangu mgeni mwembamba mpaka chungu cha wajukuu, mpaka ile mvua niliyoishukuru. Nikasema kwamba Mchungaji aliniomba, lakini mkono ulikuwa wangu, na nilifanya kwa sababu aliniita fundi. Nikasema siku zote hizi niliogopa jina langu kuliko nilivyomwogopa Mungu. Ni vigumu kusema hayo mbele ya mtu uliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

"Ile siku ya chai nilikuuliza," Besu akasema.

"Uliniuliza."

"Nijibu sasa. Jina langu lilikuwepo?"

"Lilikuwa la kwanza," nikasema. "Juu kabisa, kabla ya wazee wote. Hayung alianza na wewe, halafu ndipo akawaza wengine."

Besu akainamisha kichwa. Hayung alikuwa ameshikilia mlango wa pikapu.

"Mimi nilichoka, Besu," akasema. "Nilitaka harusi ya mtoto. Nikaona niseme lolote, mradi uje. Nilipokuwa nasema kwamba nilikusahau, ulimi ulikuwa mchungu, haki ya Mungu. Nisamehe hilo. Hilo ni langu, si la dada."

"Hilo ndilo lililoniuma," Besu akasema, na akalia waziwazi, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na kaka yake naye, na Rimuy, na mimi sikutaka kubaki nyuma. Ni Lawa tu ambaye hakulia. Alituuliza kama nguruwe atajichinja mwenyewe.

Maji ya kumnyolea nguruwe manyoya yalihitaji moto, na kuni zilikuwa zimelowa. Besu akaenda kwenye uzio wake, akaupiga teke moja, mbili, mianzi ikalala. Mianzi mikavu inawaka vizuri sana. Alishika kisu yeye, akagawa yeye, na kila nyumba ya ukoo ikapata. Mimi sikula, kwa kuwa mtoa nguruwe wa kosa hali. Nilisimama nikamtazama Besu akitafuna ini la moto, na Rimuy akimtazama pia, akihesabu, nadhani, kila tonge.

Ijumaa barua ya baraza ikafika. Nimekosa adabu ya ibada, nimemtuhumu mtumishi hadharani, nimefanya desturi za kale. Niandike kuomba radhi, na mpaka nitakapoandika nisikalie benchi la wazee. Kwa kosa la nyama ya Besu hawakunidai neno hata moja. Nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaenda kumenya vitunguu vya harusi.

Harusi ikafungwa Jumamosi iliyofuata. Nilikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na miavuli, pamoja na wapishi waliokuja kuchungulia. Nilikuwa nimevaa shali yangu nyekundu niliyoifuma mwenyewe, sikuwa nimejificha. Mbele, benchi la kwanza, alikaa Hayung na mkewe, Besu na Lawa. Bwana harusi alisimama akitoka jasho. Mchungaji akafungua kitabu chake.

"Mchungaji, ngoja," Besu akasema. Alikuwa amegeuka nyuma, anatazama benchi hadi benchi. "Usianze. Kuna mtu amerukwa."

"Ndugu Besu, mambo ya baraza tutayazungumza—"

"Baraza silijui. Namtafuta dada yangu."

Akanikuta. Akashuka katikati ya kanisa na viatu vipya vinavyolia, akasimama mbele yangu.

"Twende mbele."

"Siendi. Nikienda leo watasema nimetubu, na yale ya kanisani siyatubii."

"Mkaidi wewe."

"Nimezaliwa na baba mkubwa wako."

"Basi sogea."

Nikasogea. Akaketi. Lawa akaja na goti lake, akaketi upande wa pili, akamwambia mpishi mmoja ahamie kwenye miavuli. Halafu Hayung, baba wa bibi harusi mwenyewe, akainuka na mkewe wakaja, na shangazi wawili wa Rimuy nyuma yao, mpaka benchi letu likajaa na la mbele yetu likajaa. Rimuy alikuwa mlangoni na gauni lake amelishika juu, anacheka mpaka shela inamtoka.

Mchungaji Silan akatazama benchi tupu la mbele, akatutazama sisi kule nyuma. Nilidhani atasema neno. Akashika kipaza sauti chake, akaanza kutembea kuja kwetu, mpaka waya ukafika mwisho ukamvuta. Akakiweka chini sakafuni, akaja hatua zilizobaki bila hicho, akaanza ibada.